Nani Kalichukua Chekeche Langu?

Jumatano, tarehe 4 Machi

Chekeche langu la unga lilipotea jana. Asubuhi lilikuwa msumarini jikoni. Jioni nikakuta msumari mtupu. La waya mwembamba, halijawahi kuguswa na ngano. Ndiyo maana nalilia. Nina siliaki: ngano ikiniingia tumboni, hata vumbi lake tu, nalala nimejikunja siku tatu. Na Jumatatu naanza kuweka vigae ukumbi wa zahanati. Msimamizi kanionya, nikikosa tena siku moja, kazi anampa mwingine.

Washukiwa wawili. Shemeji, mke wa kaka, anayeoka keki za kuuza. Na mpangaji wetu, Makombo, anayekula mkate huku akizunguka nyumba nzima. Shemeji kasema anayo machekeche matatu, langu la nini. Makombo kauliza chekeche ni kitu gani. Huyo namwamini.

Kazini jana angalau mambo yalikwenda. Saruji nyeupe ilikuwa na mabonge. Nikapata cha kuichekechea, ikawa laini kama poda. Sisi tuliojitafutia wenyewe hatukosi mbinu.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Kutwa nakata vigae na kuwaza. Aliyechukua chekeche ataufuata na unga. Nimetega! Unga wangu wa mchele sasa umo kwenye mkebe wa ngano wa shemeji. Ngano yake imo kwenye mkebe wangu mwekundu. Mwizi akija, ataiba ngano. Sijamwambia mtu. Nyumba hii haina kifua.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Keki za shemeji zimevunjika kama mchanga. Mteja kazirudisha zote. Shemeji kalia, kaka kambembeleza, Makombo kakusanya vipande na kula.

Mimi nimeenda kuchungulia ule mkebe wa ngano. Mtupu. Kumbe kautumia unga wangu wote! Sasa ushahidi ninao. Nimenyamaza, namsubiri ajichanganye.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Siku yenyewe. Nimeamka nikakuta shemeji keshanipikia uji. Kasema sufuria kaiosha mara tatu, mwiko kautumia ule wangu, unga kauchota mkebe mwekundu, kwingine hakugusa.

“Kunywa, shem,” kasema. “Umekonda. Leo usiende kupiga magoti na njaa.”

Nilidhani ni dhamiri inamsuta. Nikanywa vikombe viwili. Uji mzito, unavutika kama gundi. Nikamsifu.

Saa nne nilikuwa nimeweka vigae sita. Saa tano nilikuwa nimejifungia choo cha zahanati, ndipo nikaukumbuka mkebe mwekundu. Mtego ulikuwa mzuri. Ila umemnasa mtu asiyehusika.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Kitandani, nimejikunja. Shemeji kaja mlangoni, macho mekundu, anauliza kakosea wapi. Sikuwa na nguvu ya kuanza habari za mikebe. Nikamwambia siku nyingine awe mwangalifu.

Alasiri kaja mwenzangu wa kazi, kaniletea mkoba wangu wa vifaa. Kasimama, anatazama viatu vyake. Msimamizi kampa yeye ule ukumbi. Kasema hakuomba, kapewa tu. Nikamwambia aanze na vigae vizima, vya pembeni vya kukatwa aviache mwisho.

Halafu kafungua mkoba, katoa chekeche langu. Waya wote umeganda saruji nyeupe.

“Na hili usilisahau,” kasema. “Si lile ulilochekechea saruji wiki iliyopita?”

Nikamwambia asinichanganye, mimi mgonjwa. Kuchekecha, nilichekecha. Hilo silikatai. Lakini kitu hakitembei chenyewe kutoka msumarini mpaka mkobani.

Nimejikokota hadi jikoni, nimebandika karatasi kwenye friji, waisome wote watatu:

Nani alilitia chekeche langu kwenye mkoba wangu? Sitaki machozi, sitaki maelezo. Nataka jina moja, leo, kabla ya saa mbili usiku.