Msitu wa Kogo Chepkemoi

Kepher Oyugi alikuwa katikati ya chapati yake ya pili, katika hoteli moja karibu na stendi ya Kericho, aliposikia mwanamke wa meza ya jirani akimuuliza mhudumu, "Tafadhali, ile hifadhi ya baiosfia wageni huingilia wapi?"

Mhudumu alidhani ni chakula. "Imeisha," akajibu. "Kuna ndengu."

Oyugi akaiacha chapati. Kwa mtu wa tabia yake hilo ni jambo zito, lakini yule mwanamke alikuwa na buti mpya, kofia mpya, na uso wa mtu ambaye bado hajaibiwa.

"Mmefika, madam," alisema akiinuka. "Naitwa Oyugi, mratibu wa vituo vya wageni. Mko wangapi?"

"Thelathini. Mimi ni Maxine, mwenyekiti wa chama cha wapenda mazingira, Nairobi. Leo nimekuja kuulizia tu; Jumamosi nawaleta wote kwa basi. Tumechoka kuangalia msitu kwa mbali. Tunataka kufanya kitu."

"Mtafanya," Oyugi akaahidi. Ndengu za Maxine hazikuwa zimepoa, na malipo ya wote thelathini yalishaingia kwenye simu ya mratibu.

Kasoro ilikuwa moja tu. Msitu wenye hifadhi upo, tena mkubwa, lakini langoni una askari, risiti na maswali, vitu vitatu ambavyo humwotesha Oyugi upele. Yeye alihitaji msitu wa faragha. Tena alikuwa mtu wa kando ya ziwa, na mwaka wake mmoja wa Kericho aliumaliza mjini akifanya kazi kwa mdomo. Chai aliijua ikiwa kwenye kikombe.

Kesho yake, mbele kidogo ya Kabianga, akauona. Chini ya nyumba ya bibi mmoja palikuwa na miti mirefu iliyosongamana, mashina yana kuvu, matawi yamevikwa mitambaazi, na maua madogo meupe yenye kitovu cha njano. Ndege walipiga kelele humo ndani kana kwamba wanalipwa. Oyugi alitaka kupiga magoti.

Bibi mwenyewe, Kogo Chepkemoi, yaani Nyanya Chepkemoi kwa Kipsigis, alikuwa amekaa mlangoni na balaa lake. Kule chini hakukuwa na msitu. Ilikuwa chai. Mzee wake alifariki miaka kumi na tano iliyopita, wana wakahamia mijini, akakosekana wa kuchuma. Na chai isipochumwa, kila mtoto wa huku anajua, haikai kimo cha kiuno ikikungoja. Inakua mti. Sasa kiwanda kilikuwa kimempa mpaka mwisho wa mwezi: ama akate yote ichipue upya, ama namba ya mkulima, ile aliyoiandikisha mzee wake kwa mkono wake, ifutwe. Majirani walikuja, wakatazama, wakasema ni kazi ya wanaume ishirini, wakaenda zao. Kogo alikuwa na panga moja na magoti mabovu. Asubuhi hiyo alikuwa amelia.

"Chamgei, kogo," Oyugi alisalimu. "Huu msitu wako ni wa miti gani?"

Kogo alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni akitafuta utani. Hakuuona.

"Ni miti ya zamani," akasema polepole. "Mbegu yake ilitoka mbali sana, ng'ambo huko."

"Miti adimu!" Oyugi akanong'ona. "Kogo, nataka kuleta wageni waone. Watu thelathini."

"Wako na nguvu?"

"Nguvu ya nini?"

"Hii miti ukiacha inazeeka inakufa. Lazima ikatwe hapa, juu kidogo ya goti. Tena mkato ilale hivi, maji ya mvua isikae. Ikikatwa vizuri inachipuka upya, hata miaka arobaini. Mgeni akija hapa, akate."

Oyugi aliliona tangazo zima kichwani: Okoa Mti kwa Mkono Wako. "Na wewe unataka nini, kogo?"

"Kuni tu," akasema Kogo, akiangalia pembeni.

Oyugi alimwonea huruma. Ni nadra, lakini humpata.

"Sasa wewe ndiye mwalimu yao," Kogo akaongeza. "Utafundisha aje kitu hujui? Shika panga."

Basi kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa, mtu ambaye hakuwahi kuinua kitu kizito kuliko simu alikata miti hamsini, Kogo akiwa nyuma yake na fimbo. "Hapo umekata vibaya. Rudia." Malengelenge yalimtoka mpaka akashindwa kushika kijiko, naye akajifariji kwamba Jumamosi wajinga ndio watakaokata.

Jumamosi basi lilifika. Kituo cha Kwanza kilikuwa Daraja la Mababu, yaani magogo mawili juu ya mtaro. Cha Pili kilikuwa Chemchemi ya Utulivu, ambapo ng'ombe wa Kogo hunywa maji. Maxine alivua buti na kulia kidogo. Cha Tatu kilikuwa Moyo wa Msitu, na hapo Oyugi akahubiri.

"Mti huu ukikatwa juu ya goti, unazaliwa upya! Usipokatwa, unakufa!"

Lilikuwa neno la kweli tupu, labda la kwanza tangu abatizwe, na hakuwa na habari.

Wapenda mazingira waliishambulia miti kwa panga na misumeno, wakiimba. Saa sita Kogo akawaletea chai. "Chai tamu hii!" mmoja akasifu, akiwa ameegemea shina la chai.

Saa nane mti wa mwisho ulianguka na jua likaingia. Oyugi alijipangusa jasho akatazama kazi. Mashina yalikuwa yamesimama kwa mistari, yamenyooka, nafasi sawa, mpaka barabarani. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la chai la jirani, Mathew, mistari ile ile, nafasi ile ile. Akatazama huku. Akatazama kule.

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Nelvine, afisa wa kiwanda wa kukagua mashamba.

"Kogo! Hii chai yote umepruni na nani? Mimi nilikuja na fomu ya kukufuta!"

"Chai?" akasema Maxine.

Kogo hakusikia. Alikuwa ameshika shina moja kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, anamwambia marehemu mumewe kwa Kipsigis kwamba namba yao imebaki. Nelvine aliichana ile fomu.

"Bwana mratibu," Maxine akaita, "hebu njoo hapa."

Mdomo wa Oyugi ulipogoma, aliitegemea miguu. Aligeuka akimbilie msituni, akakuta msitu umemfika pajani, hauna jani hata moja. Akachuchumaa nyuma ya shina nene kama mkono wake. Watu thelathini walimtazama akichuchumaa.

"Tunakuona," alisema Maxine.

Akatambaa mstari wa pili.

"Bado tunakuona, Oyugi."

Akatambaa mpaka wa tano, ule aliokata mwenyewe, akarudia mara mbili kwa amri ya Kogo. Kisha juu ya shina ukainuka mkono mmoja wenye malengelenge, umeshika simu.

"Madam," sauti ikasema kutoka chini, "hiyo pesa nirudishe kwa laini ile ile?"