Kuhusu Mwanangu Kusomeshwa Kupunguza Mwanga

Lupembe, Njombe
Julai 2006

Kwa Mwalimu Hilario,
Idara ya Umeme, Chuo cha Ufundi.

Mwalimu mheshimiwa, kamwene.

Mimi ni Ema, mama yake Elius, yule kijana wako mrefu wa sweta la kijani. Sisi hatujambo. Mume wangu Anania hajambo, mgongo tu unamsumbua akitoka kuchuma chai. Mama mkwe hajambo, ingawa mwenyewe anakataa. Rejoice, mdogo wake Elius, hajambo na anakupa shikamoo. Jirani yetu Oktavia hajambo, na mdomo wake ndio hajambo kabisa. Ng'ombe amezaa. Vifaranga nitawafikia chini.

Mwalimu, nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Lakini nina malalamiko, na nimeyapa namba ili usiseme hukuyaona.

1. Tangu nimeolewa hapa tunasubiri umeme. Nguzo hazijafika. Watoto wangu wote wamesomea kibatari, pua zao zikatoka masizi. Tukauza mahindi, tukakuletea Elius umfundishe mambo ya mwanga. Likizo ya Juni akaja na taa yenye jicho dogo kama punje ya harage, kisanduku cha waya, na betri ya gari. Akaiwasha. Nyumba ikawa kama uwanja wa mpira. Nikapiga vigelegele. Halafu kijana, meno yote nje, akazungusha kidude pembeni akaniambia, "Mama, sasa tazama, naupunguza!" Mwalimu, mwanga mdogo tulikuwa nao tayari. Hata chemli yangu ina kidude cha kuteremsha utambi, na sikwenda chuo kukijua.

2. Nikauliza anaupunguzaje. Akasema kisanduku kinaiwasha taa na kuizima, kuiwasha na kuizima, haraka mno hata jicho halioni, na kikiizima kwa muda mrefu zaidi kidogo, jicho linadhani mwanga umepungua. Yaani mnawafundisha watoto kuwadanganya wazazi macho yao wenyewe! Mama mkwe aliitolea macho ile taa tangu ugali mpaka sala ili aikamate inapozima. Hakuikamata. Sasa hataki kuitazama, anasema ina dharau.

3. Hapa ndipo penye vifaranga. Kisanduku cha kwanza alichotengeneza kilikuwa kinapata moto kama pasi. Mimi nilikipenda. Baridi ya Juni huku unaijua au umeisikia, majani ya chai yanaungua kwa barafu. Nikakiweka kwenye boksi la vifaranga, wakakilalia kama mama yao. Elius akasema hapana, Mwalimu amekikataa, umeme unaopotea kuwa joto ni hasara. Akakivunja! Akaunda cha pili, akakishika kwa mkono, akacheka peke yake: "Mama, gusa, hakina moto!" Kumbe ndiyo sifa. Mimi nikaona mwanga mwingi, nikajua joto lipo, maana taa ni taa, nikawawekea vifaranga. Asubuhi nikawakuta wamerundikana chini ya ule mwanga wote, wanatetemeka, kila mmoja anamsukuma mwenzake. Nimewahamishia jikoni. Kwa heshima zote, Mwalimu, nani huku Njombe alikuomba taa ya baridi?

4. La nne ni la Oktavia. Likizo nzima Elius alikaa mezani na mita yake ya kupimia umeme, anapandisha mwanga, anauteremsha, anaandika, chai inapoa. Oktavia akachungulia dirishani, akaniuliza mbele ya wanawake wa kwaya: "Mama Elius, wa kwangu anasomea kuponya watu kule Tandala, wa kwako ndiyo kusema anasomea kuzima taa?" Wakacheka mpaka vitabu vya nyimbo vikaanguka. Nikaviokota mimi. Na wewe Mwalimu hukunipa jibu la kumrudishia.

5. Sasa lenyewe hasa. Halfan, yule mwenye duka la redio na taa pale Makambako stendi, anataka kijana wa kazi na amemtaka Elius. Ila anataka aanze mwezi huu, akichelewa anamchukua mwingine. Elius, aliyekwisha kurudi kwako chuoni, anasema haji, mpaka taa anayoiunda huko ijaribiwe uikubali. Siku hizi za soko huria Halfan anashusha taa za nje kwa maboksi, mtu ananunua na kuondoka. Na za kwake zinapungua mwanga zenyewe baada ya wiki mbili, bila kusomea. Mwanangu amekonda, macho mekundu, na kazi inaondoka hivi hivi kwa sababu ya kidude cha kuzungusha. Usiku silali nikimfikiria.

Basi naomba umkubalie alipofikia, umpe cheti chake, umwachie aje kwa Halfan. Taa aliyoiacha hapa iwake mwezi mzima kama majaribio, nitakurudishia kwa basi.

Wasalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti siku ile. Nyumbani kwako salamu sana.

Ni mimi,
Ema, mama Elius.

N.B. Mwalimu, nilikuwa sijaifunga barua, Anania akakizungusha kile kidude kwa nguvu kama anatafuta stesheni ya redio, kikakatika. Tumepeleka kisanduku kwa Halfan. Amekifungua, amekuna kichwa, amekifunga, amesema vitu vya namna hii dukani kwake hawaviwezi. Kwa hiyo Elius usimwachie. Mkazanie amalize, na Halfan amchukue huyo mwingine. Ila niandikieni upesi, mumpe kondakta wa basi la Makambako, mnieleze tufanye nini kwa sasa. Tukichomoa waya ni giza, tukichomeka ni jua la saa sita, mama mkwe amejifunika blanketi usoni. Na sisi tulishazoea katikati.