Mbunge wa Mundarra Afungwe kwenye Kiti Chake

Mundarra, Australia Magharibi
9 Februari 1921

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jimbo,

Mheshimiwa,

Natumaini koo lako limepata nafuu tangu kikao kilichopita. Mimi ni Hester Pengelly, mjane, mkazi wa Mundarra, na dada wa tumbo moja wa mbunge wetu, Digory Tresize. Nadhani unamjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso, maana kila ukimtazama yuko njiani kwenda upande wa pili.

Tulimchagua kwa kura za Chama cha Wafanyakazi. Mwaka haujaisha akahamia kwa watu wa Serikali. Huko akakaa majira mawili ya mavuno, akaenda Chama cha Wakulima, akarudi Serikalini, na sasa anajiita mbunge huru. Bunge likiwa mapumzikoni analala kwangu, anakula kwangu, na watu wakimkasirikia wanakuja kugonga mlango wangu. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote unisikilize.

1. Kuhusu nyama. Bwana Olafsen mwenye bucha ni wa Chama cha Wafanyakazi kwa damu. Kila Jumamosi ananiuliza, "Mama Pengelly, leo ndugu yako yuko wapi?" Siku niliyojibu "Serikalini", paja alilokwisha kulifunga kwenye karatasi alilirudisha ndani, akanitolea shingo. Niliposema "kwa Wakulima" aliwaza kidogo, akanipa mbavu. Tangu Digory awe mbunge huru, Olafsen ananiambia nichague mwenyewe, kwa sauti ambayo inaninyima hamu ya kula.

2. Kuhusu binti yangu Loveday. Alichumbiwa na Wilfred Hocking, kijana mpole, fundi viatu vya farasi. Baba yake ndiye katibu wa tawi la Wafanyakazi hapa. Digory alipohama mara ya kwanza, Mzee Hocking alikuja akasimama barazani kwangu bila kuvua kofia, akasema, "Hester, mwanangu hawezi kuoa katika nyumba ya msaliti." Loveday alilia siku nne. Nikamwandikia Digory. Akajibu kwamba analifikiria jambo hilo kwa uzito, kisha akahamia kwa Wakulima. Mzee Hocking akalegea nusu, uchumba ukarudi. Digory akarudi Serikalini, uchumba ukavunjika tena. Mheshimiwa, keki ya harusi ilisubiri tangu Pasaka hadi Septemba. Nani anaweza kuilinda keki dhidi ya sisimizi kwa muda wote huo?

3. Kuhusu harusi yenyewe, maana hatimaye ilifungwa, Digory alipokuwa hana chama. Wafanyakazi waliketi kushoto mwa kanisa na watu wa Serikali kulia. Wakulima walijaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya farasi wao. Digory alimwingiza Loveday akiwa amemshika mkono, akamkabidhi kwa Wilfred, kisha akageuka kutafuta pa kukaa. Akasimama katikati. Kinanda kikapigwa, tukaimba beti mbili, bado kasimama. Mwishowe akaketi kulia. Kushoto mtu akazomea, tena kanisani! Basi akainuka, akavuka, akaketi kushoto, na kushoto wakampigia makofi. Mchungaji alilazimika kuanza upya. Loveday akaniambia sikioni, "Mama, mwambie mjomba atoke nje tu." Nilimwambia. Akatoka. Wakulima wakamsogelea pale mlangoni kumpa pole.

4. Kuhusu reli. Haya ya juu ni ya nyumbani kwangu, ningeyameza. Hili siwezi. Mundarra inapeleka ngano yake kituoni kwa magari ya farasi, maili thelathini, na mvua ikishika njiani magunia yanachipua yakiwa yamefungwa. Digory aliwahi kuniapia, "Dada, mimi sijahama hata siku moja. Mimi niko kwenye reli. Vyama ndivyo vinavyoisogelea na kuikimbia." Nilimwamini, na bado namwamini.

Novemba iliyopita, muswada wa reli ya Mundarra ulipoletwa, nilisafiri hadi Perth, nikaketi juu kwenye roshani ya wageni. Digory alikuwa ameketi mkono wako wa kuume. Kengele ikalia, milango ikafungwa, ukatangaza kwa sauti nzuri kabisa kwamba wa ndiyo wawe kuume kwako, wa hapana kushoto. Alichotakiwa kufanya ndugu yangu ni kukaa. Kukaa tu! Lakini miguu yake, ikisikia kengele, haijui jambo lingine. Aliinuka, akavuka, akaketi kati ya wa hapana, akanipungia mkono huku anatabasamu.

Nilipaza sauti, "Digory, mjinga wewe, rudi ulikotoka!" Ndimi yule, Mheshimiwa, uliyeamuru atolewe nje. Wahesabu kura walikwisha kumwandika. Ndiyo ishirini na mbili, hapana ishirini na tatu.

Aliporudi nyumbani nilimkuta jikoni, koti mwilini, hajawasha hata moto. Akasema, "Dada, niliitaka reli ile kuliko kitu chochote duniani." Nilijua anasema kweli, na hapo ndipo nilipomkasirikia zaidi.

Kwa hiyo naomba haya. Kwanza, kiti cha mbunge wa Mundarra kifungwe sakafuni kwa skrubu, na mbunge afungwe kwenye kiti kwa mkanda wa ngozi. Wilfred yuko tayari kuutengeneza bure. Pili, itungwe sheria kwamba mtu akichaguliwa na chama abaki humo mpaka uchaguzi mwingine au mpaka afe, lolote litakalotangulia. Mtu mzima anapaswa kujua yuko upande gani.

Msalimie mkeo, makarani wote, na yule askari wa Bunge aliyenishika kiwiko. Mwambie sikukusudia kumkanyaga, angalau si mara ya pili.

Ndimi, kwa utii na uchungu,
Hester Pengelly (Bi.)

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Kama unavyojua, tangu mwaka jana sheria inaturuhusu wanawake kugombea. Leo asubuhi Wakulima wamekuja kuniomba nisimame Mundarra badala ya Digory. Nimewakubalia. Saa sita amekuja Mzee Hocking, safari hii kavua kofia, kwa niaba ya Wafanyakazi, naye nikaona ni vibaya kumkatalia mkwe. Watu wa Serikali wanakunywa chai sebuleni hivi sasa, na kwa kweli wanaongea vizuri sana. Basi ile sheria naomba uiweke kando kwanza. Nikishindwa uchaguzi, ipitishwe mara moja.