Mwenyekiti Agomea Gemu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kihistoria! Chama cha Wacheza Gemu, chenye makao makuu ndani ya saluni yangu ya kunyoa, kimetangaza mgomo. Ile Kampuni Kubwa haitatuona tena! Mwaka juzi ilizima mitambo yake na gemu tuliyoinunua kihalali ikafa mikononi mwetu. Mwaka jana ikatuuzia gemu ya mpira yenye kipa asiye na mikono. Mikono ikaja baadaye, inauzwa kando. Nimehutubia huku mashine ya kunyolea ikiwa mkononi. Wanachama wote kumi na mmoja wameapa. Fundi simu, jirani yangu na pia makamu wangu, akauliza nani atawakamata wanaonunua kwa siri. Nikamjibu kuwa mwenyekiti halali usingizi. Makofi! Mteja aliyekuwa kitini akalalamikia sikio lake. Wengine hawajui uzito wa siku.

Jumatano, 5 Machi
Kampuni imeonyesha gemu mpya. Kipa ana mikono. Yote miwili! Sikutetereka. Nimeitazama mara tisa, kwa utafiti tu. Dada yangu, mshonaji, ninayeishi naye, akasema mate yananidondoka, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu imepatikana. Nitainunua mimi, peke yangu, kama mpelelezi. Nitaorodhesha kasoro zote, nizianike hadharani, Kampuni iumbuke. Huo si usaliti, ni kujitoa mhanga. Nimelipa kabla haijatoka, nisichelewe kuumia. Humo najiita Simba Asiyejulikana. Fundi simu na ujanja wake wote hanipati. Kichwa hiki!

Ijumaa, 7 Machi
Gemu imetoka. Nimefunga saluni mchana kweupe, pazia chini, kibao mlangoni: NIMEFIWA. Masharti yana kurasa sitini na mbili. Nimebonyeza "Nakubali". (Mwezi uliopita niliwafundisha wanachama umuhimu wa kusoma masharti. Somo zuri sana.) Gemu ilikwama mara nne. Ya tano, bao! Kipa wao alizama kwenye nyasi hadi shingoni. Nimesahau kuandika kasoro.

Jumamosi, 8 Machi
Maafa. Kumbe ukurasa wa arobaini na moja unairuhusu Kampuni kupekua namba zote za simu yangu. Kila mwanachama amepata ujumbe wenye jina langu kamili: rafiki yako anacheza na anafurahi mno, njoo! Wakaja wote kunipa pole ya msiba, simu mikononi. Fundi simu akauliza kwa upole marehemu ni nani. Dada akamjibu: kiapo. Kicheko kilinichoma. Kikao kikachukua dakika tano, tena kwenye viti vyangu! Nimevuliwa uenyekiti, kapewa fundi simu. Miaka sita nimekilea chama hiki. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Saluni kimya. Kisha barua pepe, kutoka Kampuni yenyewe! Wanakiri walitukosea. Wamejifunza. Gemu ijayo itakuwa nyingine kabisa, na anayelipa leo atapewa cheo cha Nahodha Mwanzilishi. Fundi simu anaongoza watu kumi. Mimi, nahodha! Dada akauliza gemu inaitwaje. Haina jina bado, wala picha, wala tarehe. Nikamweleza kuwa hapo ndipo penye uzuri: kisichokuwepo hakina kasoro. Akarudi kwenye cherehani. Nimelipa. Safari hii hawaniwezi.