Leodgar Aenda Kuvua Bagamoyo

Leodgar wa Ng'ambo, Tabora, hakuwahi kuiona bahari, lakini hilo halikumzuia kuizungumzia. Ndiyo maana Sabiri, muuza vifaa vya ujenzi wa Kanyenye, aliporudi kutoka kuvua bwawani akitamba kwamba hakuna samaki wa kumshinda, Leodgar alivuta kiti. Alisema bwawa ni mchezo wa watoto; yeye alilelewa na mjomba wake kwenye maji ya chumvi. Mjomba huyo hajazaliwa mpaka leo.

Chai haikupoa, dau likawekwa. Wangepanda treni hadi pwani, wakodi boti Bagamoyo, na atakayeshuka na samaki mkubwa atachukua mali ya mwenzake. Sabiri aliweka pikipiki yake mpya. Leodgar aliweka cherehani ya mama yake bila kumwomba ruhusa, cherehani inayoshona sare za kwaya na kulisha nyumba nzima. Roho ilimsuta, akaituliza: Siwema, msichana aliyemtaka, alishasema haolewi na mtu anayetembea kwa miguu. Rafiki yao Revocatus, muuza asali na Mnyamwezi anayejali mila, akateuliwa mwamuzi.

Bagamoyo, alfajiri, wenzake wakiwa bado wanakoroma, Leodgar alikwenda sokoni akanunua kolekole mkubwa. Akampelekea Mzee Selemani, nahodha wa boti, amfiche kwenye barafu chini ya magunia, kisha amtundike kwenye ndoana yake wenzake wakigeuza macho. Nahodha akataja bei ya siri hiyo. Leodgar alishtuka, halafu akapata wazo ambalo yeye mwenyewe alilistaajabia.

"Mzee wangu, unamtoza mtani?" alisema. "Wewe si Mzaramo? Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Babu zetu walileta pembe za ndovu hapa, wamezibeba vichwani."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuchekesha msibani, hata kuchukua chako, nawe ukinuna umejiaibisha. Leodgar alizaliwa Ulyankulu kwa wazazi waliotoka Burundi, ila hakuona haja ya kumchosha mzee na historia. Mzee Selemani alicheka, akapunguza bei kwa nusu.

Baharini kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, isipokuwa tumbo. Mtoto wa maji ya chumvi ndiye aliyetapika wa kwanza. Sabiri alimfuata, na kati ya tapiko moja na jingine akavuta changu wa kiganja kimoja. Revocatus alikuwa ameshika rozari, macho ameyafumba. Hapo ndipo mshipi wa Leodgar ulipotikisika, akamtoa kolekole. Samaki alikuwa wa baridi ajabu, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kuuliza.

Boti ilipogusa mchanga, Mzee Selemani alimwinua kolekole, akamweka begani.

"Mtani, huyu nimemchukua," alisema kwa upole.

Leodgar alitabasamu, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. Revocatus akakohoa kama hakimu, akatamka kwamba kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi.

"Lakini mimi si Mnyamwezi," Leodgar alisema. "Revocatus, si unawajua wazazi wangu?"

"Asubuhi ulikuwa Mnyamwezi," alisema Mzee Selemani, "nilipokupunguzia bei."

"Bei ya nini?" Sabiri akauliza. "Boti nimelipa mimi."

 Leodgar akasema alikuwa anatania tu, yeye ni Mnyamwezi, na mzee ajichukulie samaki kwa moyo mweupe. Sabiri akashuka na changu wake, akauliza cherehani aifuate lini.

Leodgar alikaa peke yake juu ya mchanga. Aliona aibu kweli, akampigia mama yake amwambie. Simu ilipopokelewa, cherehani ilisikika ikikimbia.

"Ngoja nimalizie mkono huu wa gauni, mwanangu," mama alisema, "halafu uniambie umevua nini."

Leodgar akangoja na simu sikioni, akimwomba Mungu gauni lile liwe na mikono mingi.