Dizeli ya Mama Nunzia

Jumatatu, 30 Machi
Mgongo umekufa. Kutwa tumenyonya kwa bomba punje kuukuu za mtungi mkubwa wa kiwanda. Sisi Waromania ndani, Wasisilia juu wameshika kamba. Mhandisi kasema punje hizo ndizo kichocheo: mafuta ya kula yanapita juu yake, inatoka dizeli. Kasema na mengine ya hidrojeni na mgandamizo, lakini kengele ya chakula ilikuwa imelia.

Nimepata wazo. Tangi la gari langu la Dacia kavu, mshahara bado, na nimemwahidi mama yangu kule Romania kwamba Pasaka yetu ya Kiorthodoksi, wiki moja baada ya yao, nitampeleka kanisani kwa gari langu. Mama Nunzia, mwenye nyumba wetu, kila siku anamwaga mafuta aliyokaangia. Nimetoka na punje ndani ya soksi.

Jumanne, 31 Machi
Soksi imeungua kwenye kamba ya nguo. Yenyewe tu! Imeondoka na suruali ya kanisani ya Iordache, ninayelala naye chumba kimoja. Kasema kila mtu kiwandani anajua punje zilizotumika huwaka zikipata hewa, isipokuwa bwana mkubwa mimi. Ana wivu.

Alhamisi, 2 Aprili
Nimechukua punje mpya. Hizi hazina hasira. Nimezichemsha na mafuta katika sufuria ya Mama Nunzia. Mafuta yametoka vilevile, sufuria imekwaruzika. Mama Nunzia kaniuliza, mwanangu, si mnafunga mafuta nyinyi, sasa unamkaangia nani? Nikasema gari. Kapiga ishara ya msalaba, halafu kaniletea chujio.

Ijumaa, 3 Aprili
Nimemimina mafuta yaliyochujwa kwenye tangi, na gari limewaka! Nimeondoka kwa honi. Likazima mbele ya kanisa, katikati ya maandamano ya Ijumaa Kuu, likinuka samaki wa kukaanga mbele ya mji mzima uliofunga. Wabebaji wa sanamu wamemtua Bikira Maria wakalisukuma kando. Mmoja kauliza kama nimekuja na malimau. Iordache naye kasukuma, ndani ya suruali ya marehemu mume wa Mama Nunzia.

Jumatano, 8 Aprili
Niko kwenye basi la kwetu Romania, pamoja na Iordache. Yeye ndiye aliyenikatia tiketi siku ile ya soksi. Kanipa na kiti cha dirishani. Mama kwenye simu kasema gari la nini, kanisa si liko ng'ambo ya barabara.

Lakini mjomba ana trekta, na alizeti kwetu tele. Nina punje kuukuu nilizobakiza kwenye chupa iliyozibwa. Kosa langu nimeliona: soksi ilikuwa moja. Sasa nimezihamishia kwenye soksi mbili, chini ya kiti cha Iordache. Amelala, maskini. Zimeanza kupata joto. Dalili njema.