Daftari la Maneno Mapacha

Jumamosi, 14 Juni

Jozi mia mbili zimetimia! Daftari limejaa mpaka jalada la nyuma. Maneno mapacha ya Kiingereza: yanafanana sauti au sura, maana mbalimbali kabisa. "Ship" ni meli, "sheep" ni kondoo. "Desert" ni jangwa, "dessert" ni kitamutamu cha baada ya chakula. Miaka mitatu ya jasho. Mimi, Elimringi, mkulima wa kahawa wa Nkoaranga, darasa la saba. Nani angeamini?

Sababu ni kiti. Wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani wanafika Jumapili ya wiki ijayo. Mkalimani hukaa kiti cheupe kando yao, hupakuliwa chakula kwanza, na kesho yake hupanda nao gari hadi Momela kutazama maziwa na ndege wake. Miaka minane kiti hicho anakikalia jirani yangu Solomoni, karani mstaafu, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme "good morning". Mwaka huu mchungaji ametangaza usaili. Ijumaa. Tumejiandikisha wawili tu, mimi na yeye.

Mpango wangu mtamu. Kesho natoa daftari sadaka, liingie mnadani baada ya ibada pamoja na kuku na ndizi. Mzee Hans, mnadishaji wetu, atalitaja jina langu mbele ya usharika mzima. Kisha nalinunua mwenyewe, alitaje tena. Mara mbili! Mke wangu Catherine kauliza kwa nini nisinakili kwanza. Nimemwambia asiniletee mkosi.

Jumapili, 15 Juni

Balaa!

Ilianza vizuri. Mzee Hans kaliinua daftari kati ya jogoo na kikapu cha maparachichi, kasoma jina langu, watu wakaguna kwa mshangao. Raha iliyoje! Nikanyoosha mkono. Solomoni naye akanyoosha. Nikapandisha. Akapandisha, tena anakohoa. Nikamgeukia Catherine, akawa anautazama mlima kana kwamba hajawahi kuuona. Nilibeba pesa ya kununua, si ya kushindana. Likaenda kwa Solomoni, makofi yote yake.

Nilimfuata Mzee Hans nikamwambia limeingia kwa bahati mbaya. Kajibu kwamba kitu kikishaombewa madhabahuni si changu tena, na kama nataka kumnyang'anya Mungu nikaongee na Mungu. Akina mama wa kwaya walicheka mpaka wakashikana.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa Solomoni na mkungu wa ndizi, eti kumjulia hali. Nia: mkewe akiinjika chai, daftari liingie ndani ya koti langu.

Nimemkuta kwenye mibuni, analisomea daftari kwa sauti, ng'ombe wake anamsikiliza. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia bila kuinua macho. Kisha akaniomba nimfafanulie ukurasa wa tisa, mwandiko haueleweki. Nikatazama. Aisee, sikukumbuka hata neno moja! Nikamwambia hiyo ni siri ya mwandishi.

Amekonda. Kasema hakujua Kiingereza kina mitego mingi hivi, miaka yote ofisini alikuwa anajisemea tu. Nilimwonea wivu. Nimerudi bila daftari na bila mkungu. Yeye ana jozi mia mbili, mimi sina hata moja. Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Catherine kaniona, kasema Baba Godwin, ng'ombe wanakushangaa.

Ijumaa, 20 Juni

USHINDI! Andika, mkono wangu, andika!

Msaili alikuwa Nice, binti wa mchungaji, anayeongoza watalii. Katupa sentensi moja ya kutafsiri: wageni wetu wapendwa, karibuni hapa, kaeni mle ndizi na nyama.

Kaanza Solomoni. Kakohoa. Kasema "our", akasimama. Akauliza kama Nice ana hakika si ile "hour" ya saa. Nice kasema aendelee tu. Kafika "dear", akasimama tena, jasho linamtoka, akaeleza kwamba kuna "deer" mwenye pembe na hataki kuwaita wageni wanyama. Kwenye "here" kakaa chini mwenyewe, akaomba maji.

Zamu yangu. Kichwa kitupu! Jozi zote zimekwenda na daftari. Nikafumba macho nikabwaga: you people, come, sit, banana plenty, meat plenty, God very happy! Nikaonyesha na mikono, na tumbo nikalipiga. Nice kacheka hadi machozi. Kasema wageni watanielewa hata wakiwa wamelala. Kiti ni changu!

Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Siri ya ushindi ni moja tu: miaka mitatu ya kuandika lile daftari. Elimu haiozi. Solomoni kichwa chake chepesi, ndiyo maana limemlemea.

Jumapili, 22 Juni

Kiti cheupe! Nimekikalia! Nimepakuliwa loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, kabla ya mchungaji. Nimetafsiri ibada nzima, wageni wamecheka na kulia panapostahili, bibi mmoja wa Kijerumani amenikumbatia. Catherine amevaa kitenge kipya na kuwaambia watu wote kwamba yule ni mume wake.

Kisha mnada. Nani kaleta daftari langu sadaka? Solomoni! Kasema tangu aliache jana Kiingereza chake kimeanza kurudi. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyeshindana nami. Nimelipata kwa bei ya kabichi! Solomoni kanishika bega, kaniambia kwa upole nilifungie kabatini mpaka wageni waondoke. Wivu huo.

Kesho Momela, gari zima linanisubiri mimi. Leo nilikisema Kiingereza bila daftari, kesho watakisikia cha daftari! Nimeketi, nimefungua ukurasa wa kwanza. Nitaanza na wageni wetu wapendwa. "Our"... Mungu wangu! Neno la kwanza tu, lina pacha! Na leo nimelitamka mbele ya kanisa zima bila kulikagua. Nimeponea chupuchupu. Kesho sifungui kinywa mpaka nihakikishe.